Tikiti la Futari na Hadithi ya Sita

Hamdun wa Kipungani alikuwa na miaka sitini na tisa na hajapata kumaliza kitu. Si kwamba alikuwa mvivu. Mvivu haanzi, na yeye aliyaanza mengi. Chuoni alifika juzuu ya saba akatoroka. Skuli alisoma darasa la pili Amu, la nne Malindi, na la sita Tanga, masomo ya jioni, akiwa tayari ana ndevu. Alioka mikate Mombasa, akachoma chokaa Pate, akapika melini miaka mingi. Kila mahali alipopanda mche, aliyekula matunda yake alikuwa mtu mwingine. Hakuyaficha hayo. Aliyasimulia mwenyewe, na akayacheka mwenyewe.

Aliporudi safari hii, mwishoni mwa Novemba, begi lake la turubai likiwa begani, dada yake Mwanamkisi hakucheka.

"Umekuya kukaa au umekuya kula?" alimwuliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kukaa, dada."

"Mwaka wa juzi ulikuya kukaa. Ulikaa siku kumi na moya."

Mwanamkisi alimzidi miaka sita. Alikuwa msukaji wa mikeka, na Kipungani nzima ilijua kwamba mkeka wake ukimwagiwa maji, maji yanabaki juu. Nyuma ya nyumba yake lilikuwako shamba la marehemu baba yao: mchanga mweupe, minazi minne, na ua wa miiba uliotobolewa na punda. Fungu lake Hamdun aliliuza akiwa na miaka ishirini, apate kwenda asikokujua. Lililobaki lilikuwa la Mwanamkisi, na mpwa wao Abdulwahid, mwenye duka Amu, alilitaka ajenge vyumba vya wageni. Alikuwa amelitaka kwa adabu, mara nne.

"Sikiza," Mwanamkisi alisema. "Ramadhani inayokuya nataka nifuturu kwa tikiti la shamba la baba. Nikilila kabla mwezi wa Idi haujaandama, shamba ni lako na chumba cha uwani ni chako, ukae mpaka uzikwe. Nisipolila, nampa Abdulwahid, nawe usinipigie hodi tena na begi hilo."

"Matikiti kiangazini? Na mchanga huu?"

"Baba alipanda."

"Baba alikuwa na kisima cha maji matamu. Hiki sasa ni chumvi tupu."

"Nawe una mdomo. Kakisimulie hadithi mpaka kitoke mai."

Hamdun akalitundika begi kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha uwani, akaenda kutafuta jembe.

Wiki ya kwanza ya Disemba alipanda mashimo kumi na mawili. Kila shimo alilitia samadi ya punda na majani makavu, kisha mbegu tatu tatu. Maji aliyateka kwenye jabia la kuhifadhia maji ya mvua la Mwanamkisi, kwa kikombe, huku dada yake akimtazama dirishani na kuhesabu vikombe. Siku ya sita akamwambia basi, jabia ni la kunywa watu.

Siku hiyohiyo ndipo alipofika Nyaguthii. Alikuwa msichana wa bara aliyefanya kazi katika maktaba moja ya Amu, na alikuja na boti ya mchana akiwa na bahasha nene kifuani kana kwamba amebeba mtoto. Wasukaji saba walikuwa wamekaa kipenuni kwa Mwanamkisi kama kila alasiri, miaa ya mkindu ikipita vidoleni. Nyaguthii akaamkia, akakaribishwa, akaeleza shida yake.

Kulikuwa na tuzo ya hadithi za kubuni za sayansi: za anga, za mashine, za siku ambazo hazijafika. Hadithi sita zilikuwa zimeteuliwa kuwania. Walioanzisha tuzo hawakutaka mabwana wa vyuoni peke yao waamue, kwa hiyo walitafuta vikundi vya wasomaji pwani nzima, na kila kikundi kilikuwa na kura moja. Sharti lilikuwa moja tu: kikundi kisome zote sita, mwanzo hadi mwisho. Asiyemaliza, kura yake haihesabiwi. Siku ya mwisho ingekuwa mwishoni mwa Ramadhani.

"Mwanangu," alisema Mwanamkisi, "mimi nasoma Kurani. Hizi herufi zenu mato yangu hayazijui."

"Mimi nazijua," alisema Rumaisa, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye ulimi kuliko wote, "lakini mikono yangu iko kazini. Nikishika karatasi, nani atasuka? Huyu mzee ndiye yuko free."

Wote wakamgeukia Hamdun, aliyekuwa akipita na ndoo tupu.

"Mimi siko huru," alisema. "Natafuta maji."

"Basi tufanye hivi," Rumaisa akasema. "Wewe usome. Kila anayekuja kusikiliza aje na dumu moja la maji yaliyooshewa mchele. Usiposoma, hakuna maji."

Hamdun akaketi palepale, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja, akafungua bahasha.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya mashine iliyojifunza kuota ndoto. Hawakuipenda. Mashine iliota kurasa kumi na nne na hakuna aliyeolewa wala aliyekufa. Madumu saba yakamwagwa mashimoni, mchanga ukayanywa kabla Hamdun hajanyanyuka.

Hadithi ya pili ilikuwa ya wakulima wa sayari ya Mirihi. Huko hakuna mvua wala mto, nchi nzima mchanga mwekundu. Watu wanaishi ndani ya mahema ya kioo na wanalima mboga. Hamdun alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na wanawake wakaacha kupiga soga. Alipofika mahali ambapo mkulima mkuu anawakusanya watu na kuwaambia kwamba kuanzia leo hakuna tone la kunawia litakalomwagwa, litapita kwenye bomba liende shambani, Mwanamkisi akasimamisha vidole.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Watu wa Mirihi ni wangapi?"

"Mia mbili, inasema."

"Na msikitini petu hutawadha watu wangapi kwa siku?"

Wote walikuwa wakiutazama ukuta wa msikiti, hatua sitini kutoka ua wa shamba. Chini ya ukuta ule, maji ya udhu yalitoka kwa kitundu na kupotea mchangani, mara tano kwa siku, tangu babu zao hawajazaliwa.

Athman, mtunza msikiti, hakupendezwa. "Maji ya ibada kuyamwagia matikiti?"

"Sasa hivi yanamwagiwa nini?" Hamdun alimwuliza.

Athman akaenda kumwuliza imamu, akarudi na jibu huku amekunja uso kama mtu aliyeshindwa mchezo. "Amesema maji yale ni safi. Hayafai kutawadhia tena, lakini mtikiti hautawadhi."

Hamdun alichimba mtaro siku nne. Chini akaupiga chokaa, kwa sababu chokaa aliijua, akauezeka kwa vigogo vya mnazi ili jua lisiyanywe maji njiani. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, maji yaliingia shambani yakitambaa kama nyoka mvivu. Wanawake walisimama uani kuyatazama. Rumaisa akasema, "Aisee. Tumefika Mirihi."

Miche ilitoka yote. Siku ya kumi na mbili ilikuwa na majani manne manne, na Hamdun alianza kutembea kijijini mikono nyuma. Lakini jua la kaskazi halina huruma. Ilipofika saa sita majani yalilegea yakalala. Yalitaka kivuli.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lisingetokea mahali pengine. Jirani yao Bi Huwaida alikuwa na majamvi makuukuu yaliyorundikwa nyuma ya jiko. Akampa yote, na Hamdun akayatandaza juu ya vijiti, kila shimo na paa lake. Usiku ukaja na umande. Asubuhi ya pili majani yalikuwa na ukingo wa kahawia. Asubuhi ya tatu yalikuwa meusi. Hamdun akapiga magoti, akagusa jamvi kwa kidole, akaramba.

Chumvi. Kwa miaka kumi majamvi yale yalikuwa yakianikiwa ng'onda. Kila umande ulipoanguka, uliikamua chumvi ya samaki na kuidondoshea miche, tone kwa tone. Kila mtu Kipungani alijua majamvi yale ni ya nini. Hamdun mwenyewe alijua. Harufu ya ng'onda haikumgutusha mtu kwa kuwa ndiyo harufu ya kijiji.

Alikaa mchangani mpaka jua likapanda. Kisha akaingia chumbani, akalitungua begi.

Alikuwa akikunja shati la pili Mwanamkisi alipokuja kusimama mlangoni. Hakumwuliza anafanya nini. Alikuwa ameshamwona akifanya hivyo tangu akiwa kijana.

"Hadithi ya tatu umeiwata nusu," alisema. "Wale wanaokaa chini ya bahari. Mama yule amefungiwa nje na mai yanapanda."

"Rumaisa atawasomea."

"Rumaisa husoma kama mtu aliyeibiwa kuku. Mimi nataka kujua yule mama aliingia au hakuingia."

"Dada, miche imekufa yote, mashimo kumi na mawili."

"Nimeiona."

"Mbegu zimebaki za mara moja tu. Zikifa hizo..."

"Basi zisife. Ni siku ngapi mpaka tikiti liive?"

Hamdun akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Mbegu zile zilikuwa za tikiti dogo, linaloiva upesi. Siku themanini kama hakuna balaa. Idi ilikuwa mbali siku themanini na nne.

Alikaa na shati mkononi. Kisha akasema, polepole kama mtu anayeomba kitu kizito, "Nataka mkeka."

"Chagua wowote."

"Si hiyo. Hiyo haipitishi hewa wala mwanga, miche itaoza. Nataka mpya, wa miaa mibichi, ulioshonwa kwa kuruka. Ukanda mmoja wa ukili, nafasi ya vidole viwili, ukanda mwingine."

Mwanamkisi alimtazama kana kwamba amemwambia atembee uchi sokoni. "Nishone mkeka wenye matundu? Mimi?"

"Kumi na miwili."

"Mtu akipita akauona?"

"Nitasema nimeushona mimi."

"Nani atakuamini? Mkono wangu wajulikana." Akageuka kwenda zake. Ukumbini akasimama, akasema bila kumtazama, "Alasiri uje na miwani. Na begi hilo ulirudishe kwenye msumari, lanisumbua mato."

Alasiri hiyo yule mama wa chini ya bahari aliingia salama, na wanawake wanane, Bi Huwaida akiwamo kwa toba, walishona mikeka mibovu kwa makusudi kwa mara ya kwanza maishani mwao. Ilikuwa kazi ngumu. Vidole vyao vilijivuta vyenyewe kuziba nafasi. Rumaisa alicheka mpaka akajichoma sindano. Mwanamkisi alishona wa kwanza akaufumua, kwa sababu hata matundu yake hayakuwa sawa, na akasema kama ni kuharibu basi aharibu kwa mpango.

Mbegu za mwisho ziliingia mchangani kesho yake. Asubuhi Hamdun alifunua, saa nne akafunika, alasiri akafunua, akasoma. Kivuli cha mikeka ile kilikuwa cha mistari mistari, na miche ilikua chini yake kama imepakwa wanja. Januari ikaisha. Hadithi ya nne ilihusu mtu aliyetuma barua kwa siku ya jana, na ilileta ugomvi wa siku tatu, maana kila mwanamke alikuwa na barua yake. Ya tano ilihusu nyota iliyonunuliwa. Kuhusu hiyo Mwanamkisi alisema mwandishi wake ana maneno mengi kuliko habari.

Ramadhani ikaingia, na neema yake ikapita mtaroni. Watu ambao miezi kumi na moja hawakuonekana msikitini sasa walikuja kwa vipindi vyote, na usiku wakaja tena kwa tarawehe. Maji yalikimbia.

"Bwana Hamdun," alisema Athman siku moja, akiwa ameegemea ua, "jana nimemwona Harith ametawadha. Harith, yule wa boti. Nilidhani hajui birika liko wapi."

"Mwambie arudie viungo. Shimo la tisa bado lina kiu."

Athman, ambaye alikuwa amekusudia kubaki na uso wa kukunja mpaka Idi, alicheka akaondoka.

Mwezi ishirini alikuja Abdulwahid kutoka Amu na futi kamba mfukoni, apime shamba kabla ya sikukuu, ili mambo yasichelewe. Alisalimia vizuri, akabusu mkono wa mama yake mkubwa, akapita uani. Walipomfuata, walimkuta amechutama kwenye shimo la saba na futi kamba yake imezungushwa tikiti.

"Sentimita sitini na mbili," alisema, kama mtu anayezungumza peke yake. "Mjomba, haya umeyaleta na boti?"

"Kalivute uone kama lina mzizi."

Abdulwahid hakulivuta. Alikaa akafuturu nao, na kesho yake akarudi Amu bila kupima kitu kingine.

Ilibaki hadithi ya sita, na hapo Hamdun akaanza kuvuta miguu. Ilikuwa hadithi ya chombo kilichoondoka duniani kwenda nchi nyingine, safari ya miaka mia mbili. Waliopanda walijua hawatafika, watafika wajukuu wa wajukuu. Ndani yake kulikuwa na mpishi mzee aliyepanda mti wa matunda kwenye ndoo, akijua hatayala. Hamdun alisoma kurasa nne, siku nyingine kurasa mbili, siku nyingine akasema koo limekauka kwa saumu. Kufikia mwezi ishirini na sita ilikuwa imebaki karatasi moja. Siku mbili nzima aliibeba mfukoni mwa kanzu.

Mwezi ishirini na nane Nyaguthii alikuja na boti ya alasiri kuchukua kura. Wanawake wanane walikuwa wamekaa kipenuni. Katikati yao, kwenye sinia, lilikuwapo tikiti la shimo la saba, ambalo Hamdun alilikata kikonyo asubuhi baada ya kuligonga na kulisikiliza kwa nusu saa.

"Kura yenu?" Nyaguthii aliuliza.

"Hatuna bado," alisema Mwanamkisi. "Imebaki karatasi moya. Iko mfukoni mwa Bwana huyu."

"Nitaisoma baada ya futari," alisema Hamdun. "Tuanze na tikiti. Mwezi waweza kuandama kesho, dada, na sharti lako..."

"Tikiti halikatwi mpaka hadithi iishe."

"Hilo halikuwamo kwenye sharti."

"Sasa limo. Shamba ni langu mpaka nile." Akaweka kisu juu ya tikiti, akakunja mikono. "Waogopa nini, Hamdun? Ni karatasi."

Hamdun aliitoa karatasi. Ilikuwa imelainika kwa jasho. Jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi, na zilibaki dakika chache kabla ya adhana. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Alisoma. Chombo kilitua. Mlango ulifunguka, na watoto ambao hawajawahi kukanyaga ardhi waliogopa kushuka. Aliyetangulia alikuwa msichana mmoja, na mkononi alikuwa na ndoo yenye mti uliotokana na mti uliotokana na mti wa mpishi. Akachimba kwa mkono, akapanda, akamwagia maji ya kikombe chake. Kisha akaketi kando ya mti ule kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kwenda.

Hamdun alisoma neno la mwisho, na kidole chake kikabaki pale, juu ya karatasi nyeupe isiyo na mstari mwingine. Sindano zote zilikuwa zimesimama.

"Imekwisha," alisema, akavua miwani. "Ndiyo mwisho wake."

Adhana ikapaa.

Mwanamkisi alikula tende moja, akanywa maji, akashika kisu. Tikiti lilipasuka kabla kisu hakijafika nusu, kwa mlio ambao Hamdun aliusikia mpaka kwenye magoti. Ndani lilikuwa jekundu kuliko Mirihi yoyote. Mwanamkisi akakata kipande, akauma, akafumba macho, na maji yakamchuruzika kidevuni wala hakuyafuta. Alikula mpaka kwenye ganda. Kisha akatema mbegu kiganjani, akazihesabu, akanyoosha mkono akamtilia ndugu yake mkononi.

"La baba halikuwa tamu hivi," alisema. "Panda hizi masika yakipungua. Na ua wako uutengeze, punda waingia."

Liliposemwa neno "ua wako", kila mtu alisikia. Rumaisa alipiga kigelegele kimoja, kirefu, kilichovuka mpaka msikitini, na wengine wakakipokea.

Yaliyokuwa yameiva yalikuwa matano. Moja liliwatosha. Manne Hamdun aliyatia kwenye begi lake la turubai, maana hakuna chombo kingine nyumbani kilichoyaweza, akayapeleka msikitini kwa waliokuwa wakifuturu pale, ambao walikuwa wameyanywesha tangu mwanzo wa mwezi bila kuambiwa asante. Alipokwisha kuswali akaliacha begi kwa Athman.

Baada ya sala Nyaguthii aliwasha taa, akatoa fomu. Walibishana kidogo tu. Watano walitaka Mirihi, watatu walitaka chombo, Hamdun akawaachia wao. Kura ikawa ya Mirihi. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya maoni ya kikundi, na Mwanamkisi akataka kuandikiwa.

"Andika hivi. Mwandishi ajua mai, lakini kivuli hakijui. Mimea yake ingeungua siku ya tatu. Aje Kipungani, tutamwonyesha mkeka wenye matundu. Umeshonwa na Mwanamkisi mwenyewe. Jina langu uliandike vizuri."

Nyaguthii aliandika neno kwa neno.

Wakiwa bado wanacheka, Athman alibisha hodi uani na begi mkononi. Lilikuwa limelowa maji ya matikiti, na mbegu mbili tatu zilikuwa zimeganda kwenye turubai.

"Bwana Hamdun, begi lako. Walitaka kukupigia makofi, nikawaambia msikitini si mahali pake. Nilitie wapi? Najua hukai nalo mbali."

"Lianike hapo kambani," alisema Hamdun. "Kesho lina kazi. Kuna mengine saba yanaiva."